Msichana wa Nne

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, kilomita zipatazo 40 kutoka mjini Bukoba, walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Kicheko kiligeuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Waliofuata baada yao wengine walikimbia ovyo, na aliyejaribu kuwashika aliambulia mateke. Hali hiyo ilimchukua mtu saa chache, au siku kadhaa, ikatulia, kisha ikamrudia. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa nayo. Walimu hawakuweza tena kufundisha, shule ikafungwa.

Kuifunga ndiko kulikolitoa jambo hilo nje ya geti. Wasichana walirudi makwao, na haukupita muda kijiji cha Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, nacho kikaanza kucheka. Mwezi wa Aprili na wa Mei watu 217 walipatwa huko, wengi wao watoto na vijana. Kashasha ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni. Mwezi huohuo wasichana 48 wa shule ya Ramashenye, pembezoni mwa Bukoba, nao wakaanguka. Hadi wimbi lilipokwisha kabisa, shule 14 zilikuwa zimefungwa kwa nyakati tofauti, na watu waliopatwa walikadiriwa kufika elfu moja.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika kuhusu jambo hilo katika jarida la tiba mwaka 1963. Walipima damu, wakachunguza vyakula na maji, hawakuona sumu wala kirusi. Hakuna aliyekufa. Waliona mambo mawili tu yenye maana. Kwanza, kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine kabla yake. Pili, hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa, ingawa walimu walikuwa katika madarasa yaleyale na walivisikia vicheko vilevile.

Siku hizi kisa cha Kashasha husimuliwa duniani kama kichekesho: Watanganyika waliocheka mwaka mzima bila kupumzika. Hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo, na wala haikuwa furaha. Christian Hempelmann, mtaalamu wa isimu aliyeirudia taarifa hiyo miaka mingi baadaye, aliona ndani yake dalili za watoto waliokuwa chini ya mkazo mkubwa, katika shule kali, wiki chache baada ya uhuru, wakati matarajio ya wazazi yalikuwa yamepanda ghafla. Maelezo hayo yana mantiki. Hata hivyo yanaeleza kwa nini bweni lilikuwa tayari kuwaka. Hayaelezi moto ulivyotembea. Wasichana watatu wakicheka ni wasichana watatu, na kila shule ya bweni inao. Anayestahili kutazamwa ni msichana wa nne, yule ambaye hadi dakika hiyo alikuwa akiwaangalia wenzake tu.

Wataalamu wa elimu-jamii wanapozungumzia mtandao wa kijamii hawaanzii kwenye simu. Wanaanzia kwenye maswali ya kawaida: nani anamjua nani, nani analala karibu na nani, nani akisema jambo nani humsikiliza. Kashasha kulikuwa na mtandao wa namna hiyo, na tabia ilisafiri kwa kuufuata. Haikumgusa mwalimu aliyesimama hatua mbili mbele, ikamgusa binti wa kijijini aliyekuwa mbali, kwa sababu binti huyo alimwona mgonjwa kuwa mwenzake.

Jambo hilohilo lilipimwa kwa hesabu kubwa zaidi miaka 48 baadaye. Tarehe 2 Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani, Facebook iliwaonyesha watumiaji wake takriban milioni 60 ujumbe wa kuwahimiza kupiga kura, pamoja na picha za sura za marafiki zao waliokwisha kupiga. Kundi jingine dogo lilipata ujumbe uleule bila sura za marafiki, na kundi la tatu halikupata chochote. Watafiti wakiongozwa na Robert Bond na James Fowler walilinganisha matokeo na daftari za wapiga kura. Ujumbe usio na sura haukumtoa mtu nyumbani. Wenye sura uliongeza kura zinazokadiriwa kuwa 340,000, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka kwa watu ambao wao wenyewe hawakuvutwa na ujumbe, bali na rafiki wa karibu aliyeuona. Marafiki wa juujuu, ambao mtu huwa nao kwa mamia kwenye orodha yake, hawakuwa na nguvu yoyote ya kuonekana.

Kwa hiyo si kila anayeonekana hufuatwa. Lakini hata anayefuatwa hafuatwi na wote kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mambo hugeuka.

Mwaka 1978 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alipendekeza njia rahisi ya kulifikiria jambo hili. Chukua umati wa watu 100 wenye hasira. Kila mmoja ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wakitenda kabla na yeye hajatenda. Wa kwanza atarusha jiwe hata akiwa peke yake. Wa pili atarusha akiona mmoja amerusha. Wa tatu anahitaji kuwaona wawili, wa nne watatu, hivyohivyo hadi wa mia, mpole kuliko wote, anayehitaji kuwaona tisini na tisa. Umati huo utaingia kazini wote. Sasa mwondoe yule wa pili, uweke mahali pake mtu anayehitaji kuwaona wawili. Jiwe la kwanza linarushwa, kisha kimya. Wa kwanza ameshatenda, hakuna wa kumfuata, na watu 99 wanabaki wamesimama.

Umati wa kwanza na wa pili wanatofautiana kwa mtu mmoja, tena kwa tofauti ndogo ya moyo wake. Granovetter alitania kwamba magazeti yangeuita mmoja umati wa wakorofi na mwingine raia wema waliokuwa na kichaa mmoja kati yao. Kwenye magazeti ya Tanzania maneno yako tayari siku nyingi: mtuhumiwa ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Msemo huo unawachukua watu wote waliokuwepo na kuwapa moyo mmoja. Lakini aliyewahi kusikia kelele za "Mwizi! Mwizi!" sokoni anajua mambo yanavyokwenda. Wako wanaokimbilia kuona. Wako wanaouliza kaiba nini. Yupo aliyeibiwa simu wiki iliyopita na hasira yake haijapata mwenyewe. Kuna sekunde kadhaa ambapo kila mtu anawaangalia wengine ajue jambo hili ni la aina gani, na katika sekunde hizo kofi moja, au mama mmoja anayesema "Mwacheni, mpelekeni polisi," vina uzito ambao havitakuwa nao dakika tano baadaye.

Je, mama huyo ana nguvu kiasi gani hasa? Jibu zuri lilipatikana mapema, Marekani, katika chuo cha Swarthmore, ambako Solomon Asch alianza majaribio yake maarufu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kijana aliambiwa anakuja kupimwa uwezo wa kuona. Anaonyeshwa mstari mmoja, kisha mingine mitatu, aseme upi unalingana na ule wa kwanza. Mtoto wa darasa la pili angejibu. Ila watu wengine wote waliokaa naye, sita au zaidi, walikuwa wamepangwa na Asch, na katika raundi nyingi walitaja kwa sauti mstari uleule usio sahihi, mmoja baada ya mwingine, hadi zamu yake ifike. Karibu theluthi ya majibu ya walengwa yalifuata kosa hilo. Robo tatu ya walengwa walikubali angalau mara moja kusema kitu ambacho macho yao yalikikataa.

Sehemu hiyo ya jaribio hutajwa kila mahali, na kwa kawaida husimuliwa kwa masikitiko kuhusu udhaifu wa binadamu. Sehemu inayofuata haitajwi sana, ingawa ndiyo yenye manufaa. Asch alimweka mtu mmoja zaidi ndani ya chumba, anayejibu kwa usahihi. Mmoja tu. Makosa ya walengwa yakashuka hadi robo ya yalivyokuwa. Wengi walikuwa bado wengi, na bado walikuwa wakikosea kwa sauti moja. Kilichobadilika ni kwamba mlengwa hakuwa tena peke yake.

Ukimya nao ni tendo, na huambukiza vilevile. Bibb Latané na John Darley walilionyesha hilo mwaka 1968 huko New York kwa kuwakalisha wanafunzi chumbani wakijaza fomu, kisha kuingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Waliokuwa na watu wawili waliopangwa kukaa kimya, ni mmoja tu kati ya kumi aliyetoka. Wengine waliendelea kujaza fomu huku wakikohoa na kupunga moshi usoni. Penye wengi hapaharibiki neno, husema wahenga, lakini chumba kile kiliharibika hasa kwa sababu ya wengi. Kila mmoja aliuangalia uso wa mwenzake kupata jibu, akakuta uso uliotulia.

Yeyote aliye katika kundi la WhatsApp la watu 200 amekwisha kukiona chumba hicho. Mtu anaandika kwamba mgonjwa wake anahitaji damu hospitali fulani. Alama za kusomwa zinaongezeka, jibu halipo. Nusu saa inapita, wa kwanza anaweka vidole vya sala, na kuanzia hapo vinamiminika vidole vya sala arobaini. Wa kwanza angeandika "Niko njiani, nani tunaongozana?" huenda vingemiminika vitu vingine. Ndiyo maana wenye uzoefu hawaombi kundi. Wanamtaja mtu kwa jina.

Ujanja kama huo ni wa siku nyingi katika kamati za harusi. Mweka hazina anajua kwamba orodha ya ahadi haifunguliwi ikiwa tupu. Kabla ya kuituma kundini, ameshaongea pembeni na mjomba mmoja mwenye uwezo, na jina la mjomba linakaa namba moja na tarakimu zake zikionekana vizuri. Anayekuja namba mbili hataandika elfu kumi chini ya laki mbili. Lakini mjomba akianza na elfu ishirini, kamati nzima itatafuta ukumbi mwingine.

Jen Shang na Rachel Croson walilipima jambo hili katika kituo kimoja cha redio ya umma nchini Marekani, kinachoendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Waliopiga simu kuchangia, baadhi waliambiwa kwamba msikilizaji mwingine ametoa dola 300. Hao walitoa, kwa wastani, asilimia 12 zaidi ya wale ambao hawakuambiwa lolote. Hawakumjua mtu huyo wala hawangekutana naye.

Msukumo wa wa kwanza unaweza kuwa mdogo kuliko huo na bado ukafika mbali. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye maoni zaidi ya 100,000 ya tovuti moja ya habari. Baadhi ya maoni, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yalipewa kura moja ya kuungwa mkono mara tu yalipoandikwa. Kura moja hiyo ya bandia iliongeza alama za mwisho kwa asilimia 25 kwa wastani. Mengine yalipewa kura moja ya kupingwa, na hapo ikatokea ajabu: wasomaji walijitokeza kuisahihisha, na athari ikayeyuka. Inaonekana watu humtetea haraka anayeonewa, ila anayesifiwa bila sababu hawana haja ya kumkagua.

Afrika Mashariki imeishuhudia hesabu ya vizingiti ikifanya kazi waziwazi, nayo si ya maabara. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilipeleka bungeni Mswada wa Fedha wenye, pamoja na mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5 kila mwaka. Wakenya wamezoea maandamano yenye mwenyewe: kiongozi wa upinzani anatangaza siku, wafuasi wake wanatoka, wasio wafuasi wanafunga maduka na kusubiri yaishe. Mwaka mmoja kabla, maandamano ya gharama ya maisha yalikwenda hivyo chini ya Raila Odinga. Safari hii hakukuwa na wa kutangaza. Vijana waliochukua jina la Gen Z waliusoma mswada wenyewe, wakaueleza kwenye TikTok kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani kwao, wakajadiliana usiku kwenye vikao vya sauti vya X, na wakasambaza namba za simu za wabunge hadi simu hizo zikazidiwa na ujumbe.

Kilichofanyika katika wiki hizo kilizidi kupashana habari. Kulalamikia kodi jikoni hakugharimu kitu, na kila aliyekuwa akilalamika jikoni kwake aliweza kuamini kwamba jirani ameridhika. Mtu alipoandika hadharani kwamba Jumanne anakwenda mjini, akajibiwa na binamu, na mwanafunzi mwenzake, na dada wa saluni, kila mmoja alijua sasa hesabu ya wengine. Mwenye kizingiti cha watu kumi aliwaona kumi kabla hajavaa viatu. Tarehe 18 Juni mamia walitoka mitaani jijini Nairobi, na siku hiyohiyo serikali ikaondoa kodi ya mkate na ya magari. Kwa waliokuwa wakisitasita, hilo lilikuwa jibu kwamba kutoka kuna faida. Tarehe 20 maandamano yakaenea katika miji mingi. Tarehe 25 wabunge waliupitisha mswada, umati ukaingia ndani ya majengo ya Bunge, na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai.

Serikali, kama ilivyo kawaida ya serikali, iliuliza nani yuko nyuma ya mambo haya. Swali hilo hudhani kwamba kila moto una mkono mmoja ulioushika. Granovetter angeuliza jambo tofauti: ni nini kiliwafanya wale wa katikati, wasiopenda vurugu na wenye kazi za kupoteza, wavuke kizingiti chao? Hao ndio wengi, na hao ndio walioshangaza.

Mtandao unaowapa watu ujasiri huo ndio huohuo unaopeleka uvumi. Mwaka 2018 nchini India watu kadhaa waliuawa na umati baada ya ujumbe wa WhatsApp kudai kwamba wageni wanaiba watoto. Mahubiri dhidi ya uongo yalikuwepo tele. Kampuni ikaamua kugusa mkono wa anayepokea badala ya mdomo wa anayeanza. Julai mwaka huo iliweka ukomo nchini India kwamba ujumbe ulioletwa hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo, na Januari 2019 ikaufanya ukomo huo wa dunia nzima. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe wenye alama ya mishale miwili, ambao umekwisha kupita mikononi mwa wengi, ukaruhusiwa kwenda kwa mmoja mmoja. Kampuni ilisema kusambazwa kwa ujumbe wa aina hiyo kulipungua kwa asilimia 70. Mtunzi wa uongo hakuzuiwa hata kidogo. Aliyecheleweshwa ni yule anayesambaza bila kufikiri, akiandika "nimeipokea kama ilivyo" ili lawama isimkute.

Linabaki swali la wanaotaka kuligeuza kundi ambalo limekwisha kuelekea upande mmoja. Je, wanahitaji kuwa wangapi? Damon Centola wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha jaribio lao mwaka 2018. Washiriki waliwekwa katika makundi ya watu ishirini hivi, wakaonyeshwa picha ya sura ya mtu, wakalipwa fedha kila wanapokubaliana na mwenzao kuipa jina lilelile. Muda si mrefu kila kundi likawa na jina lake na hakuna aliyetaka kulibadilisha, kwa kuwa kubadilisha kulimpotezea hela. Kisha watafiti waliingiza watu wao wachache, wakasisitiza jina jipya na hawakuyumba. Walipokuwa chini ya robo ya kundi, waliongea hadi mwisho bila kupata kitu. Walipofika robo, sehemu kubwa ya kundi iliwafuata, na katika jaribio mojawapo mtu mmoja zaidi ndiye aliyetenganisha kushindwa na kufaulu. Centola mwenyewe hutahadharisha kwamba robo hiyo ni ya mchezo wa majina. Mahali ambapo watu wana mengi ya kupoteza, kama ofisini ambako matusi yamezoeleka au katika ukoo unaoshikilia mila fulani, namba hiyo inaweza kupanda, na wanaoianza safari hiyo hawana njia ya kujua mapema wamebakiza wangapi.